Jino la Ghala la Umma

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye cheti chake cha kazi na kwenye kadi ya hospitali, basi. Kwingine kote aliitwa Jino. Meneja alimwita Mzee Jino, makuli walimwita Jino, na wajukuu wake walikuwa wameshaanza shule ndipo wakagundua kwamba babu naye ana jina kama watu wote. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Jina lilitokana na kazi. Alikuwa mpanga madaraja wa ghala la umma, yaani ndiye aliyesimama mlangoni na kuamua mahindi yapi yaingie na yapi yarudi nyumbani. Ghala la umma si mali ya serikali, ingawa serikali ndiyo inayolitolea leseni na kulikagua. Maana yake ni kwamba mtu yeyote mwenye nafaka safi na kavu ana haki ya kuiweka pale, apewe stakabadhi, na siku akitaka aichukue au aiuze. Ghala halichagui mteja. Tajiri wa malori na mama wa gunia moja wanapanga foleni ile ile na kupimiwa kwenye mizani ile ile, na tajiri asipoipenda foleni, shauri yake.

Lakini sharti kubwa limo katika lile neno kavu. Mahindi yakiingia na maji ndani yake, siku hiyo hayasemi kitu. Yanakaa kimya katikati ya lundo, yanapata joto, yanaota ukungu, na joto linahamia kwenye gunia la jirani ambaye hana kosa lolote. Mkishtuka, lundo zima linanuka, na kila mwenye stakabadhi anashikilia karatasi ya kitu kilichooza. Ndiyo maana mlangoni pa ghala panahitaji mtu asiyeonea wala kuonewa haya.

Kabla sheria ya maghala haijatungwa, Jino alikuwa na chombo kimoja tu cha kazi, nacho kilikuwa kinywani mwake. Alichoma gunia kwa bambo, kile kibomba cha chuma chenye ncha, akakichomoa na punje kutoka tumboni mwa gunia. Akachagua moja, akaiweka kwenye gego la kulia, akaivunja. Kisha alinyamaza kidogo, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. "Kavu," alisema, au "Bado." Hakukuwa na rufaa. Watu walimbembeleza, wakamtajia ukoo, mmoja akamtajia hata marehemu mama yake, lakini Jino akishasema bado ni bado. Mwenye mahindi aligeuza mkokoteni wake akinung'unika, akaenda kuyaanika tena.

Sheria ilipokuja, ilikuja na mizigo yake. Leseni ilitundikwa ofisini ndani ya fremu, imeandikwa ghala linabeba tani ngapi na mazao gani. Ili kuipata, na ili kuendelea kuwa nayo, magunia yasiguse ukuta wala yasilale sakafuni, yakae juu ya vichaga vya mbao. Mitungi ya kuzimia moto iwe na kitu ndani, isiwe pambo. Bima iwe hai. Mpanga madaraja awe amefaulu mtihani, na unyevu upimwe kwa mashine iliyohakikiwa, yenye stika ya mwaka huo. Jino alikwenda kozi, akafaulu, akarudi na cheti kilichokunjwa vizuri ndani ya bahasha. Mashine nayo ikaja, kidude cha kijivu kinachoweza kukaa mapajani. Unakimiminia punje, kinafikiri kidogo, kinatoa namba.

Wakulima walikitazama kidude kile kama wanavyomtazama mchumba asiye na ndugu. Nani kakileta? Mbona namba zinapanda nikija mimi? Ndipo ukazaliwa utaratibu ambao haumo kwenye kanuni yoyote. Jino alimimina punje kwenye mashine, na mashine ikiwa bado inafikiri, aling'ata punje moja, akasema neno lake kwa sauti. Halafu aligeuza uso wa mashine kuwaelekea wenye mali. Yeye na mashine hawakupishana, au walipishana mara chache sana na kwa kidogo sana. Watu wakaridhika. Tuseme ukweli lakini: hawakuiamini mashine hata chembe. Waliamini kwamba Jino anaisimamia isiwaibie.

Meno hayajui heshima ya mtu, yalichoka. Magego yalianza kutikisika, moja likapasuka juu ya punje za mkulima aliyekausha mahindi yake kupita kiasi. Jino aliomba ruhusa kazini, akasema anakwenda kumwona ndugu mgonjwa, akapanda basi mpaka mji wa mbali ambako hakuna aliyemjua. Daktari wa meno alimchungulia kinywani, akanyoosha mgongo, akachungulia tena.

"Mzee wangu, unatafuna kokoto?"

"Mahindi."

"Mahindi gani haya? Ya kuchemsha?"

"Makavu. Mabichi pia. Yote."

"Kwa nini?"

"Ni kazi yangu," Jino alisema, na daktari akadhani anataniwa.

Alirudi nyumbani na meno ya bandia, ya juu na ya chini, meupe na yaliyonyooka kuliko yake ya asili yalivyowahi kuwa. Watu walimsifu kwamba safari imempendeza. Shida ilikuwa kazini. Wewe jaribu kuvunja punje kavu kwa meno ya bandia uone fizi zitakavyokujibu. Siku ya kwanza machozi yalimtoka, akasema vumbi limemwingia. Siku ya pili akapata ufumbuzi: punje aliificha chini ya ulimi, akagonganisha meno ya juu na ya chini. Yakalia "ta!" Watu wakatikisa kichwa, wakatulia. Sauti ilikuwa moja kwa mahindi yote, makavu na mabichi, yake na ya adui yake. Jino akainamisha kichwa kama zamani, akatupa jicho la wizi kwenye namba za mashine, akatamka.

Msimu mzima ulipita hivyo. Aliyejua ni mkewe peke yake, kwa sababu huwezi kumficha mke bilauri yenye meno kando ya kitanda. Jioni mama huyo alikuwa na utani wake. Aliyaangalia yale meno majini, akamwambia mumewe, "Wenzako wameshalala, wewe unangoja nini?" Lakini siri aliitunza, hata kaka yake wa tumbo moja, mkulima mwenye mdomo mpana anayekuja kwao kila wiki, hakumwambia.

Kwa nini Jino hakusema tangu mwanzo? Tusimpambe. Aliogopa. Aliogopa kidogo kuchekwa, na aliogopa zaidi kuwa mzee wa kawaida anayekaa mlangoni pa ghala bila sababu. Mtu aliyeitwa Jino kwa miaka yote hiyo, ukimtoa meno unabaki na nani?

Basi msimu mwingine ukafika. Mahindi yalikuwa mengi, na foleni ya mikokoteni na matrekta ilitoka getini ikapinda mpaka kwenye duka la vipuri. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa mazito na upepo ulikuwa na harufu ya udongo uliolowa mahali fulani si mbali. Na asubuhi hiyo hiyo akafika mkaguzi wa leseni.

Alikuwa mtu mpole, suruali imenyooka, viatu vimejaa vumbi. Alizunguka ghalani pamoja na meneja, mama mmoja kijana aliyeliendesha ghala lile kwa adabu na bila makelele. Mkaguzi alipita kati ya ukuta na magunia, akapenya bila kuvuta tumbo ndani, akatia alama ya vema. Akainua mitungi ya moto, akaridhika. Akafika kwenye mashine, akaigeuza, akasoma stika mara mbili.

"Hii muda wake umeisha jana," alisema.

Meneja alishika kichwa. Watu wa vipimo walikuwa wameahidi kuja juma lililopita, wakasema gari limeharibika, wakasema wanakuja, na katika pilikapilika za msimu kila mtu akaamini wameshakuja. Mkaguzi hakupandisha sauti. Alisema ghala halifungwi, waliomo watahudumiwa, ila kupokea mzigo mpya ndiko kunakosimama mpaka mashine ihakikiwe. Dereva wa ghala akaondoka na mashine hapo hapo, ameipakata kama mtoto anayepelekwa chanjo.

Habari ilitambaa kwenye foleni haraka kuliko upepo wenyewe. Watu wakasogea getini.

"Mashine ya nini? Jino si yupo?"

"Tulikuwa tunapima kwa nini zamani? Mvua hiyo inakuja, nyie!"

"Mtoeni Jino ang'ate, tuingize mali!"

Meneja alimtazama mkaguzi. Mkaguzi alifungua kitabu cha kanuni, akapekua, akaweka kidole.

"Kuna kifungu cha dharura," alisema. "Mashine ikiwa haipo na hali ya hewa inatishia mali, mpanga madaraja mwenye cheti anaweza kupima kwa njia aliyoizoea, akatia saini kwa kila mzigo, na jukumu likawa lake. Mara nyingi mimi hukataa, kwa sababu wapanga madaraja wengi hawana njia yoyote." Akamgeukia Jino na kutabasamu. "Lakini huyu mzee habari zake tunazo mpaka makao makuu. Mimi nakubali."

Pale ofisini kila mtu alipumua isipokuwa mmoja. Meneja alipiga makofi ya furaha. Jino alihisi mate yamekauka kinywani, na meno yale ya bandia yakaanza kuteleza. Sheria imekubali, meneja amekubali, wakulima wanamwita kwa jina. Hakubaki mtu wa kumkatalia ila yeye mwenyewe.

"Niacheni nile kwanza," alisema. "Halafu nitarudi."

Hakula. Mkewe alimwekea sahani, naye akakaa mbele yake bila kuigusa, akamweleza yote. Mkewe alisikiliza huku anafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Sema una homa."

"Watanifuata na shuka langu. Watanibeba mpaka mlangoni, ning'ate nimelala."

"Basi sema yote ni bado. Kila gunia, bado. Hakuna la kuharibika humo ndani."

"Na waliokausha vizuri? Walale nje na kuloweshwa na mvua kwa sababu mimi naona aibu?"

"Sema yote ni kavu basi!" mkewe alisema kwa hasira, na wote wawili wakajua hilo haliwezekani. Alikaa. Sauti yake ikashuka. "Kaka yangu yuko kwenye foleni tangu alfajiri. Alipita hapa kunywa chai. Amevuna kwa haraka, nimemwona mikono ina majani mabichi."

"Najua."

"Utamfanyaje?"

"Nitamwambia meneja peke yake, ofisini," Jino alisema. "Yeye atajua la kuwaambia watu."

Ulikuwa mpango mzuri, wa mtu mzima, na usingemtoa mtu jasho. Ila aliporudi ghalani alikuta meneja ameshatoa meza nje, ameiweka mlangoni chini ya paa la baraza, na kitambaa safi juu yake. Mkaguzi ameketi kando na fomu za dharura. Foleni imeingia ndani ya ua, imeizunguka meza kila upande, na walipomwona walishangilia kama timu imeingia uwanjani. Meneja alimshika mkono, akamwongoza mpaka mezani, hakumpa nafasi hata ya kukohoa.

Wa kwanza alikuwa shemeji yake.

"Shemeji!" aliita, meno yote nje, yake mwenyewe. "Leo umerudi kazini kweli. Ile kompyuta imekukalisha bure siku nyingi mno. Haya, nipitishe, dada yako wa kufikia huko nyumbani anangoja habari njema."

"Mkeo si dada yangu."

"Basi ni mkwe wa shangazi, mimi sijui. Ng'ata, mzee, wingu hilo."

Watu walicheka. Jino alichukua bambo, akachoma gunia. Punje zilitoka nzuri kwa macho, kubwa, za manjano mpauko. Alizinusa, hazikumwambia kitu cha uhakika. Alizifumbata kiganjani, zikawa baridi kidogo, au mkono wake ndio uliokuwa baridi. Alichagua moja, akaitia kinywani, ikaenda yenyewe chini ya ulimi kama ilivyozoea. Meno yakagongana.

"Ta!"

"Kavu!" ua mzima ukajibu kabla hajafumbua mdomo, na shemeji akainua mikono juu. Mkaguzi alisukuma fomu mbele yake, akamwekea kalamu.

Jino aliishika ile kalamu. Makuli wawili walikuwa wameshainama kulibeba gunia. Aliwaza lundo namba nne kule ndani, ambako ndiko mzigo huu ungepangwa, na magunia ya watu yaliyolala pale yakiamini kwamba mlangoni kuna mtu. Aliiweka kalamu chini.

"Acheni hilo gunia," alisema.

Akawageuzia mgongo kidogo, kwa heshima, akatoa kitambaa mfukoni. Akayavua ya juu, akayavua ya chini. Kisha aligeuka, akayaweka mezani juu ya ile karatasi ya dharura, mahali pa saini.

Ua ulinyamaza. Hata wale wa nyuma ambao hawakuona walinyamaza kwa sababu wa mbele wamenyamaza. Mashavu ya Jino yalikuwa yameingia ndani, na maneno yalimtoka laini, ikabidi watu wasogee ili wasikie.

"Sina meno," alisema. "Tangu kabla ya msimu uliopita sina. Hiyo sauti mnayoisikia ni ya haya, yanagongana yenyewe. Sijui kama mahindi haya ni makavu. Sina njia ya kujua."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Shemeji yake alikuwa ameinamia meza, anayatazama yale meno kwa karibu kabisa.

"Dada anajua?" aliuliza.

"Anajua."

"Na nimekunywa chai pale asubuhi ya leo! Mbele ya uso wangu! Familia gani hii?"

Hapo kicheko kilivunjika, kikapita uani kote, na kwa muda kidogo ikaonekana kama mambo yataishia kwenye kicheko. Haikuwa hivyo. Mzee mmoja mwenye trekta alipenya mpaka mbele, uso umekunjamana.

"Ngoja kwanza. Msimu uliopita nilileta mzigo hapa, ukang'ata, ukasema bado, nikarudi nao nyumbani, nikaanika upya. Uling'ata nini?"

"Sikung'ata kitu."

"Kwa hiyo ulitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Msimu mzima."

"Ndiyo," Jino alisema. "Niliwadanganya. Nisameheni."

Hakusema fizi ziliuma, hakusema aliona haya, ingawa vyote vilikuwa kweli. Alisimama tu pale, mikono imemlegea, na aibu aliyoiogopa kwa muda mrefu ikamwagika juu yake mara moja. Meneja alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Alimhurumia, na pia alikuwa anahesabu kichwani ni mizigo mingapi aliyoipokea kwa neno la mtu huyu.

"Sasa nani alipima?" yule mwenye trekta aliuliza. "Maana nilipoanika upya, yakaingia, na sikupoteza hata debe."

"Mashine. Nilikuwa nachungulia namba, halafu nasema."

"Ile ya kijivu?"

"Hiyo hiyo."

Shemeji alijikuna kichwa. Mdomo wake ulikuwa mpana, lakini hakuwa mjinga. "Subirini jamani. Kuna mtu hapa mahindi yake yalioza humo ndani msimu uliopita?" Akazungusha macho. Hakuna aliyejitokeza. "Basi sisi tumeiamini ile kompyuta mwaka mzima, na kila jioni tukirudi nyumbani tunaitukana."

Mwenye trekta alirudi nyuma, akaegemea trekta lake. Mkaguzi naye alikuwa ameiondoa fomu chini ya yale meno kwa ncha za vidole, akachora mstari toka kona hadi kona. Akasema taratibu kwamba kupokea kumesimama, kama alivyosema asubuhi. Ila mali inaweza kukaa uani juu ya vichaga, chini ya maturubai ya ghala, kila mtu na mzigo wake, mpaka mashine irudi. Kisha akapekua kitabu chake kwa muda mrefu, kurasa nyingi, akakifunga.

"Mpanga madaraja anatakiwa awe na macho mazima na asiwe mlevi," alimwambia meneja. "Kuhusu meno hawakuandika kitu."

"Kwa hiyo anabaki?"

"Cheti chake ni cha kutumia mashine, na mashine ameitumia. Hayo mengine ni yenu humu ndani." Alimtazama Jino. "Mzee wangu, nilikaribia kukusainisha jambo baya. Ahsante."

Mvua ilifika wakati maturubai ya mwisho yanafungwa kamba. Jino alifanya kazi na wenzake, mdomo mtupu, meno yamo kwenye kitambaa mfukoni, na hakuna aliyemsemesha wala aliyemfukuza. Mkewe alipomwona anaingia nyumbani ameloa, mashavu yameingia ndani, hakuuliza kitu. Alipasha kile chakula cha mchana, na safari hii mumewe alikula chote.

Mashine ilirudi ikiwa na stika mpya. Foleni ikapangwa upya, jua likawaka, na utaratibu ukawa mwepesi ajabu. Jino alimimina punje, mashine ikafikiri, ikatoa namba. Watu wakasoma namba wenyewe, wakaenda kwenye mizani au wakageuza mkokoteni. Hakuna aliyemtazama yeye. Hata yule mwenye trekta alisoma, akaitikia kwa kichwa, akapita. Ndicho alichokitaka Jino alipoyavua meno yale, watu waache kutegemea kitu ambacho hakipo, na sasa kimetokea mbele yake mchana kweupe. Kilimuuma. Aliendelea kumimina punje akijihisi kama kiti kilichowekwa pale ili mashine isiwe peke yake.

Zamu ya shemeji ilipofika, mashine ilifikiri, ikatoa namba iliyovuka kiwango, tena kwa mbali. Jino aliikodolea macho. Aliikumbuka kalamu ile na nafasi ile ya saini.

"Bado, shemeji," alisema.

Alingoja matusi. Msimu uliopita shemeji huyu angeitukana mashine, fundi wake na mama aliyemzaa fundi. Lakini alisoma namba tena, akajikuna kichwa, akaburuta magunia yake kando bila neno. Akatandaza turubai kwenye pembe ya ua yenye jua, akayamwaga mahindi yote, akaanza kuyasambaza kwa mguu.

Kazi ilipopungua Jino alimfuata. Alivua viatu, akaingia upande wa pili wa turubai, wakawa wanageuza mahindi pamoja, kimya kimya, kama watu wanaotembea kwenye maji.

"Shemeji," yule mkulima alisema baada ya muda.

"Ndiyo."

"Ulipokuwa na meno yako. Ulikuwa unasikia nini?"

Jino alisimama. Maisha yake yote kazini watu walimwuliza kavu au bado. Wapo waliombembeleza na wapo waliomlaani, lakini swali hilo hakuna aliyewahi kumwuliza, hata mkewe. Ilibidi atafute maneno, maana hakuwa nayo tayari.

"Kavu linavunjika mara moja," alisema. "Linalia juu, huku karibu na sikio, na linaacha unga. Bichi linabonyea kwanza. Kuna kaupenyo kadogo kabla halijakatika, halafu linakatika kwa sauti ya chini, ya upande wa kooni. Huko kwenye hako kaupenyo ndiko kazi ilikokuwa. Kakiwa kafupi unaweza kusamehe kwa siku moja ya jua. Kakiwa karefu..." Akasukuma mahindi kwa kidole cha mguu. "Nakakumbuka, shemeji. Nakatamani sana."

Shemeji yake aliinama, akaokota punje moja katikati ya turubai, akaipangusa kwenye shati. Akaitia upande wa kulia wa kinywa.

"Njoo," alisema huku ameibana.

"Nije wapi?"

"Njoo hapa, lete sikio."

Jino aliangalia nyuma. Meneja alikuwa dirishani, makuli walikuwa wamekaa kwenye vichaga, na wakulima waliobaki walikuwa wanatazama. Akasogea, akashika bega la shemeji yake, akaweka sikio kwenye shavu lile lenye ndevu za juzi. Mwenzake akang'ata.

Alisikia. Akafumba macho.

"Bado," alisema. "Jua la leo lote, na kesho mpaka mchana."

"Tutapeleka kwenye mashine kesho, tuone."

"Tutapeleka," Jino alisema, sikio bado liko pale pale. "Ng'ata nyingine."